Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nilikotoka Kisanaa na Namna Ninavyopiga Picha

Wanaotazama picha zangu huniuliza mambo yanayokaribiana: nilijifunzia wapi, kwa nini siwapangi watu, kwa nini baadhi ya picha zina giza, na kama ninazihariri. Nimeyajibu hapa kwa kirefu pale ambapo suala linastahili urefu, na kwa ufupi pale ambapo sentensi moja inatosha.

Je, kupiga picha ndiyo kazi yako?

Hapana, mimi ni mpiga picha wa ridhaa. Riziki yangu hutoka katika kazi ya mahesabu ya ofisini, na kamera ninaishika asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na siku za mapumziko. Kutolipwa hakujawahi kuwa sababu ya kuifanya kazi hii kwa ulegevu. Kumenipa uhuru ambao rafiki zangu wanaoishi kwa kamera hawana: hakuna mteja anayesubiri, hakuna tarehe ya kukabidhi, na nikiona kwamba mwanga wa mahali fulani haujanipa nilichokitafuta, nitarudi pale pale hata msimu ubadilike.

Historia ya fani hii imebebwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna hiyo. Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, na picha za nyuso alizopiga baada ya hapo bado zinatazamwa kama kipimo cha picha za watu. Vivian Maier alifanya kazi ya kulea watoto wa familia za Chicago huku akipiga mitaa ya mji huo kwa miongo kadhaa. Kazi yake ilianza kujulikana baada ya masanduku ya negativu zake (taswira zenye weusi na weupe uliogeuzwa, ambazo picha husafishwa kutoka kwake) kuuzwa kwenye mnada mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake. Ninawataja wawili hawa kwa sababu mara nyingi neno la ridhaa husemwa kwa sauti ya kuomba radhi, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Ulifanya sanaa gani kabla ya kupiga picha?

Nilichora. Tangu utotoni nilichora kwa penseli na mkaa, na vitu nilivyovichora vilikuwa vile vilivyokaa kimya karibu yangu: viatu, kiti kilichoegemezwa ukutani, majani, mikono ya watu wazima waliokuwa wakizungumza bila kunitilia maanani. Mchoraji wa penseli hana rangi ya kujifichia. Kila kitu lazima akiseme kwa tofauti ya weusi na weupe, na kwa hiyo anatambua mapema kwamba shavu huonekana la mviringo kwa sababu ya kivuli kinachoingia polepole kutoka upande mmoja, wala mstari unaolizunguka hausaidii sana. Jicho lililozoea kutafuta kivuli kwanza na kitu baadaye halikubadilika nilipohamia kwenye kamera. Mpaka leo, nikiingia chumbani na kamera, ninatazama kwanza mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi.

Shule yangu ya pili ilikuwa meza ya mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi cherehani. Nilikaa naye kwa saa nyingi nikikata nyuzi na kukunja vitambaa, na nilimsikia akiwaza kwa sauti juu ya kingo: kitambaa kinaishia wapi, ua litabaki zima au litakatwa mshono utakapopita, rangi hii ikikaa kando ya ile itapoa au itawaka. Picha nayo ina kingo nne, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya utunzi wake huamuliwa pale pembeni, mahali ambapo watu wengi hawatazami wakati wanapobonyeza kitufe. Mkono ukiingia kwenye picha yangu kutoka upande mmoja, ninahakikisha umekatwa katikati ya mfupa na wala si kwenye kiwiko au kifundo, kwa sababu kiungo kilichokatwa kwenye maungio humfanya mtu aonekane kama amepungukiwa. Hilo sikulisoma kitabuni. Lilitoka kwenye meza ile.

Nilisoma pia mashairi mengi ya vina na mizani, na hayo yalinizoesha kusubiri marudio. Katika picha, marudio hayo huwa ni nguzo zinazofuatana, migongo ya watu walioinama pamoja, madirisha ya ghorofa moja. Jambo lenye ladha ni pale mpangilio unapovunjwa na kitu kimoja, kama vile mtu mmoja aliyegeuza uso.

Je, asiyejua kuchora anaweza kuwa mpiga picha mzuri?

Anaweza, na kuna ushahidi mkubwa. Mwaka 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa chombo chenye mche wa kioo kinachomwezesha mchoraji kuona mandhari kana kwamba imelala juu ya karatasi. Mkono wake haukumtii. Kutokana na kushindwa huko alianza kufikiria jinsi ya kuifanya taswira ijichore yenyewe, na mwaka 1835 alipata negativu ndogo ya karatasi inayoonyesha dirisha la nyumba yake. Basi mmoja wa waasisi wa fani hii aliingia ndani yake kwa sababu hakuweza kuchora.

Ninachowashauri wasiochora ni kujaribu kuchora vibaya. Keti mbele ya kitu kimoja na uandame vivuli vyake kwa penseli, kisha tupa karatasi. Faida imekwisha kuingia jichoni.

Kwa nini hukusomea upigaji picha?

Nafasi haikuwepo nilipokuwa na umri wa kusoma, na baadaye nilikuwa nimekwisha kushika njia yangu. Ninawaheshimu waliosoma, na kanuni za vyombo nilijifunza kwa kusoma vitabu vya maelekezo na kurudia mazoezi.

Unaposema unapiga picha kwa njia ya asili, una maana gani hasa?

Nina maana kwamba mahali ninapaacha jinsi nilivyopakuta, mwanga ninautumia ule uliopo, na mtu ninamwacha aendelee na analolifanya. Sihamishi ndoo ili isionekane, simwombi mtu arudie tendo alilolimaliza, na siongezi kitu baadaye kwenye kompyuta.

Hata hivyo, ni lazima niseme wazi kwamba njia hii haiondoi uchaguzi wangu. Ninachagua nisimame wapi, nije saa ngapi, nitumie lenzi gani, nibonyeze sekunde ipi, na katika picha nyingi zilizobaki nionyeshe ipi. Hayo ni maamuzi makubwa. Mtu akisimama hatua mbili kushoto, ukuta wenye mabango hutoweka na mti hutokea. Picha zote mbili ni za kweli na zinasema mambo tofauti. Anayedai kwamba kamera yake imenukuu tu kilichokuwepo anajinyima nafasi ya kuwajibika kwa alichokichagua.

Mjadala huu una umri mrefu. Katika karne ya 19 Henry Peach Robinson wa Uingereza alijulikana kwa kuunganisha negativu kadhaa ziwe picha moja. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1858, inayoonyesha msichana aliye mahututi akizungukwa na jamaa zake, iliundwa kwa negativu tano na watu waliokuwa wakiigiza. Mwaka 1889 daktari Peter Henry Emerson alichapisha kitabu cha kupinga mtindo huo, akitaka watu wapigwe mahali wanapoishi na kufanya kazi, na akisisitiza kwamba lenzi ifuate tabia ya jicho, yaani kitu kikuu kiwe wazi na vilivyo kando vilainike kidogo. Muda si mrefu baadaye Emerson mwenyewe aligeuka na kukana kwamba upigaji picha ni sanaa. Mimi nimebaki na hoja yake ya kwanza. Sidharau kazi ya Robinson, kwani ina ustadi wa tamthilia, lakini ninapotazama picha ninapenda kujua kwamba kuna dakika moja duniani ambayo picha hiyo inaweza kuulizwa habari zake.

Unatumia mwanga gani?

Zaidi ya yote, mwanga wa dirisha na mwanga wa kivulini. Kanuni inayotawala hapa ni rahisi na inafaa kuikariri: kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kikubwa kikilinganishwa na kitu kinachomulikwa, ndivyo kivuli kinavyokuwa laini. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake linachukua nusu digrii tu ya anga, ndiyo maana vivuli vyake wakati wa mchana mweupe hukatika kama vimechongwa. Wingu likitanda, chanzo cha mwanga huwa ni anga zima, na vivuli hulainika mpaka karibu vipotee. Dirisha liko katikati ya hali hizo mbili: lina upande, kwa hiyo linachora umbo la uso, na lina upana, kwa hiyo halijeruhi. Mtu akikaa karibu na dirisha, nuru humzunguka kwa ulaini lakini hupungua haraka kuelekea ndani ya chumba. Akisogea mbali nalo, vivuli huwa vikali zaidi usoni ingawa chumba kizima huelekea kuwa na nuru inayolingana. Ndiyo sababu picha zangu nyingi za ndani zina giza nyuma. Giza hilo lilikuwepo, na sikuona haja ya kulifukuza.

Nje, ninapenda nusu saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama. Jua likiwa chini ya digrii 6 hivi juu ya upeo, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi, sehemu ya buluu hutawanywa njiani, na kinachotufikia huwa na rangi ya joto. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Karibu na ikweta, ambako jua hushuka karibu wima, kipindi hicho huchukua kama dakika 25 tu. Mbali na ikweta jua huteremka kwa mshazari na kipindi hurefuka. Kwa hiyo anayepiga picha karibu na ikweta hana muda wa kufika, kufungua mkoba na kufikiri. Lazima awe amekwisha kusimama mahali pake.

Saa sita mchana siikimbii. Ninatafuta kivuli cha ukuta au baraza kinachotazama eneo lenye nuru, kwa sababu ardhi au ukuta mweupe uliopigwa na jua hurudisha mwanga mpana kuelekea kivulini, na uso uliosimama hapo hupata nuru nzuri kuliko ambavyo wengi wanatarajia. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948 baada ya kuwa fundi seremala, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa mchana. Yeye aliwapanga watu wake kwa uangalifu mkubwa, na katika hilo njia zetu zinatofautiana. Lakini juu ya kile ambacho mwanga wa uani unaweza kukifanya kwenye uso na kitambaa, sijaona mwalimu bora zaidi yake.

Hutumii flashi kabisa?

Situmii. Flashi ni chombo halali, ila ikiwaka mara moja kila mtu chumbani hukumbuka kwamba anapigwa picha, na baada ya hapo hakuna ninachoweza kukiita cha asili.

Nyuso zenye ngozi nyeusi unazipimaje ili zisipotee wala zisififie?

Ninafurahi swali hili linapoulizwa, kwa sababu wengi hudhani tatizo liko kwenye ngozi, kumbe liko kwenye kipimo. Kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu na kuchukulia kwamba mandhari yote kwa wastani ni kijivu cha kati, ambacho kwa desturi ya wapiga picha hukadiriwa kurudisha asilimia 18 ya mwanga. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, na ngozi hutoka imepauka. Mtu yule yule akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hudhani kuna mwanga mno na kupunguza, na uso hugeuka kuwa doa. Dawa ni kupima kwenye uso peke yake, kisha kuamua mwenyewe: kwa ngozi nyeusi sana iliyojaza fremu ninapunguza mwanga kiasi cha hatua moja (kila hatua huupunguza kwa nusu au kuuongeza maradufu), kwa mtu aliye mbele ya mwanga ninaongeza mpaka macho na mashavu yaonekane, hata kama dirisha lililo nyuma yake litabaki jeupe tupu.

Liko jambo jingine ambalo penseli ilinifundisha. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Mwanga mpana wa kutoka pembeni hupaka mng'ao mrefu na laini kwenye paji, shavu na taya. Taa ndogo kali hutoa vidoa vinavyometa. Na ifahamike kwamba vifaa vyenyewe havikuwa na haki tangu awali: katikati ya karne ya 20, na kwa miongo mingi baadaye, kadi ambazo maabara za kusafisha picha zilitumia kusawazisha rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, na rangi za ngozi nyingine ziliachwa zijitafutie. Anayepiga nyuso nyeusi leo anapaswa kutoiamini mashine kwa upofu.

Unawezaje kuwapiga watu bila kuwapanga, na je, unawaomba ruhusa?

Ninaomba ruhusa, na ninaiomba mwanzoni. Watu wengine wanaopiga picha za asili huamini kwamba lazima mtu asijue anapigwa. Mimi sikubaliani nao. Picha iliyoibwa huonyesha mtu asiyejua, na hilo ni jambo tofauti na mtu aliyetulia. Ninajitambulisha, ninasema ninachotaka kufanya na picha zitaenda wapi, kisha ninakaa. Kamera huwa wazi mkononi au mapajani, haifichwi.

Kinachofuata karibu kila mara ni pozi. Watu hunyoosha migongo, huweka sawa kola, hutazama kamera kwa uso wa heshima. Ninazipiga picha hizo kwa moyo wote, kwa sababu ndivyo walivyotaka kuonekana na wana haki ya kuonekana hivyo. Baada ya muda, kazi iliyokuwa mikononi mwao huwaita. Fundi hurudi kwenye ubao wake, mama anayesuka hurudi kwenye nywele, wazee hurudi kwenye mabishano yao, na hapo ndipo ninapoanza kile nilichokuja kukifanya. Ustadi wote unaohitajika wakati huo ni kukaa bila kuonyesha haraka, kutozungumza sana, na kutobonyeza kitufe mfululizo kama anayeogopa kukosa.

Kwa watoto ninamwomba mzazi au mlezi, na mtoto akikunja uso au akijificha ninaacha, hata kama mkubwa wake ameruhusu. Wagonjwa kitandani na watu walio katika msiba siwapigi. Najua zipo picha kubwa za huzuni zilizobadilisha fikra za watu, na wapo waliopewa jukumu la kuzipiga. Mimi sikupewa jukumu hilo na sitalijitwalia. Mtu akibadili mawazo baada ya kukubali, ninafuta mbele yake.

Kwa nini watu wengi katika picha zako hawatabasamu?

Kwa sababu siwaombi watabasamu. Wanaotabasamu walikuwa wamefurahi.

Unatumia kamera na lenzi gani?

Kamera moja ya kidijitali yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) cha ukubwa wa milimita 24 kwa 36, na mara nyingi lenzi moja ya milimita 50; kipimo hiki cha lenzi kikikua, vilivyo mbali huvutwa karibu zaidi. Mshazari wa kihisi cha ukubwa huo ni milimita 43 hivi, na lenzi iliyo karibu na kipimo hicho huonyesha ulimwengu kwa namna isiyoshtua: haivuti vilivyo mbali wala haipanui vilivyo karibu. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye alisomea uchoraji kwa André Lhote kabla ya kushika kamera na ambaye uzeeni alirudi kwenye penseli, alitumia lenzi ya milimita 50 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ninakiri kwamba habari hiyo ya penseli ndiyo iliyonivuta kwake kwanza, kabla ya picha zake.

Sababu yangu kuu ya kubaki na lenzi moja ni umbali. Kwa milimita 50, ili kumpata mtu kuanzia kiunoni ni lazima niwe kiasi cha mita mbili kutoka kwake, na kwa mita mbili watu husalimiana. Lenzi ndefu ingeniruhusu kusimama ng'ambo ya barabara na kuchukua nisichopewa. Umbali ndio pia unaoamua sura ya uso: ukimkaribia mtu chini ya nusu mita, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na kosa hilo husingiziwa lenzi ilhali limetokana na mahali uliposimama.

Mipangilio yako ya kamera ni ipi?

Inategemea mwanga, lakini tundu la lenzi huwa kati ya f/2.8 na f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya shata, yaani kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, haipungui 1/125 ya sekunde kwa mtu anayezungumza na hufika 1/500 kwa watoto wanaocheza, na ISO, yaani wepesi wa kihisi kuitikia mwanga, ninaiacha ipande kadiri inavyohitajika, kwa kuwa picha yenye chembechembe ni bora kuliko iliyotikisika. Kwa wanaotaka kuzoea kukadiria bila kipimo, ile kanuni ya zamani ya jua kali bado inafaa: weka f/16, na kasi ya shata iwe sawa na ISO, kwa mfano 1/100 au 1/125 kwa ISO 100. Ukiingia kivulini fungua tundu hatua tatu hivi, kisha urekebishe kwa kuangalia. Baada ya miezi michache jicho lenyewe hukuambia.

Je, unazihariri picha zako?

Ndiyo, zote. Ninasema hivi bila kusita kwa sababu dhana ya picha isiyoguswa kabisa ni ngumu kuitetea. Faili la JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, linalotoka kwenye kamera limekwisha kuhaririwa na watengenezaji wa kamera, ambao wameamua ukolezo wa rangi, ukali na kiasi cha weusi kwa niaba yako. Faili hilo lina viwango 256 vya mwangaza kwa kila rangi ya msingi; faili ghafi, yaani lenye taarifa za kihisi kabla kamera haijazihariri, likiwa la biti 14 lina viwango 16,384, na ndani yake vivuli vyenye maelezo bado vipo vikisubiri uamuzi. Mimi ninapiga kwa faili ghafi na kuamua mwenyewe.

Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams, ambaye ujanani alikuwa akijiandaa kuwa mpiga piano, aliifananisha negativu na nota za mtunzi wa muziki, na picha iliyosafishwa na utumbuizaji wa nota hizo. Katika chumba cha giza cha kusafishia picha alitumia muda mwingi kuzuia mwanga usifike sehemu fulani ya karatasi na kuuongeza mahali pengine. Ninachokifanya kwenye kompyuta ni hicho hicho kwa kiasi kidogo: ninasawazisha mwangaza, ninarekebisha rangi ya nuru, ninafungua kivuli kilichoficha jicho, na ninafuta doa la vumbi lililokuwa kwenye kihisi, maana vumbi hilo halikuwa sehemu ya mandhari. Sifuti nyaya za umeme, silainishi ngozi, sibadilishi anga, na situmii programu zinazobuni kitu ambacho lenzi haikukiona. Kovu la mtu ni lake, hakunipa nimwondolee.

Kuhusu rangi ya nuru, nina upendeleo ambao wengine huuona ni kasoro. Jua la mchana lina joto la rangi (kipimo cha rangi ya nuru; namba ikiwa ndogo, nuru ni ya manjano zaidi) la takriban kelvini 5,500, na balbu ya zamani ya waya huwa kati ya 2,700 na 3,000. Kamera ikiachiwa hujaribu kulifanya kila jambo liwe jeupe. Mimi ninaiweka kwenye mpangilio wa mwanga wa mchana na kuiacha hapo, ili chumba kilichowashwa taa ya manjano kibaki cha manjano, jinsi kilivyohisiwa na waliokuwemo.

Rangi, au nyeusi na nyeupe?

Rangi inapobeba habari, na mara nyingi inabeba, kwani mtoto aliyekulia kwenye vitambaa hawezi kuidharau rangi. Nyeusi na nyeupe ninaitumia pale nuru yenyewe inapokuwa ndiyo mada. Siitumii kuokoa picha ambayo rangi zake zimenishinda.

Unapopiga ndege, wadudu na mimea, kanuni ni zile zile?

Ni zile zile, na pengine ni kali zaidi, kwa sababu kiumbe huyo hawezi kunikatalia kwa maneno. Siukaribii mno mti wenye kiota, kwani ndege anayefukuzwa huacha mayai au makinda kwenye jua na macho ya wawindaji wao. Sichezi sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwaita. Siondoi matawi yanayoziba, maana huenda ndiyo yaliyomfanya ndege achague mahali hapo, na simpoozi mdudu kwa baridi ili atulie, desturi ambayo bado hutajwa kama mbinu. Wadudu wengi huwa wazito alfajiri wenyewe kabla jua halijawapasha joto, kwa hiyo anayewahi kuamka hana haja ya hila. Kwa mimea, ninaomba wanaoanza waache kung'oa majani yaliyo pembeni. Badili pembe, au subiri upepo utulie.

Simu inatosha, au lazima ninunue kamera?

Simu inatosha kabisa kujifunza kuona. Izimie flashi, acha kuvuta picha kwa vidole na badala yake sogea wewe, na uguse uso wa mtu kwenye kioo ili ipime hapo.

Ungempa zoezi gani mtu anayeanza?

Chagua kitu kimoja kisicho na mvuto wowote, kama kikombe, na ukiweke karibu na dirisha moja. Kipige mwanga ukiwa unatoka nyuma yako, kisha ukiwa pembeni, kisha ukiwa nyuma ya kikombe. Rudi asubuhi, mchana na jioni, siku ya mawingu na siku ya jua. Zitazame picha hizo zikiwa zimepangwa pamoja na ueleze kwa maneno, ikiwezekana kwa kuandika, kivuli kimebadilikaje. Zoezi hili linachosha na wengi huliacha mapema, lakini sijui njia nyingine inayofundisha kwa haraka kwamba kitu hakina sura moja. Ukilimaliza, mweke mtu mahali pa kikombe.

Unachaguaje picha za kuonyesha?

Ninaziacha zikae kwanza kwa wiki kadhaa. Siku ya kupiga, bado ninakumbuka jua, mazungumzo na juhudi niliyoifanya, na kumbukumbu hizo huipendelea picha isiyostahili. Zikishapoa, ninasafisha nakala ndogo za karatasi na kuzibandika ukutani, nikipita mbele yake kila siku. Picha iliyopigwa kwa ujanja huchosha upesi. Nyingine huendelea kunionyesha jambo ambalo sikuliona, na hizo ndizo ninazozitoa.

Ulinipiga picha. Je, ninaweza kupata nakala, na je, ninaweza kuomba isionyeshwe?

Yote mawili. Nakala ni bure, ya karatasi au ya faili, na ninapendelea ya karatasi kwa kuwa simu hupotea. Nieleze mahali na kipindi tulipokutana ili nikutafute katika hazina yangu. Ukiomba picha isionyeshwe, nitaiondoa bila kuuliza sababu. Na kama ulikuwa mtoto wakati huo na mzazi wako ndiye aliyeruhusu, sasa neno lako ndilo litakalofuatwa.